Usafi mkubwa kabla ya mvua: toa uchafu kwanza, javel baadaye



Mwezi wa nane unapoelekea mwisho, nyumba zetu za Kivu zimejaa vumbi la kiangazi. Goma ni vumbi jeusi la mawe ya volkano. Kwingine ni udongo wa barabara unaopita hata chini ya mlango uliofungwa. Masizi ya makala yameshika dari ya jikoni. Baada ya wiki chache mvua itaanza, nguo zitachelewa kukauka, na watoto watarudi shuleni. Watu wa nchi za baridi hufanya usafi mkubwa theluji ikiisha, wanapoweza tena kufungua madirisha. Sisi hatuna theluji. Wakati wetu ni sasa, jua likiwa bado letu.

Lakini mama wa nyumba anapofika sokoni anakuta chupa za kila rangi na kila harufu: ya sakafu, ya choo, ya vioo, ya vyombo. Akihesabu franka zake, anaona kwamba akinunua zote, unga hautatosha. Wengine hurudi nyumbani wakiwa wamekata tamaa, wakisema usafi ni wa matajiri. Wengine hununua javel peke yake, wakaimwaga kila mahali bila kipimo, na hata wakaichanganya na vitu vingine ili iwe na nguvu zaidi. Hapo ndipo hatari inapoingia nyumbani.

Makala hii inataka kuonyesha kwamba nyumba inaweza kusafishwa vizuri kwa sabuni, majivu, ndimu, jua na javel kidogo, mradi tujue kazi ya kila kimoja na tufuate utaratibu.

Hezekia alianza na milango

Katika Mambo ya Nyakati wa Pili, sura ya 29, tunasoma habari za mfalme Hezekia. Alianza kutawala akiwa na miaka 25, na wakati huo nyumba ya Bwana ilikuwa imefungwa na kuachwa. Katika mwezi wa kwanza wa mwaka wake wa kwanza alifungua milango na kuitengeneza. Makuhani waliingia ndani wakautoa uchafu hadi uani, na Walawi wakauchukua na kuupeleka mpaka kijito cha Kidroni. Kazi ilimalizika siku ya 16 ya mwezi ule. Ndipo zikafuata sadaka na nyimbo.

Angalieni utaratibu wake. Walianza kwa kufungua, wakatoa uchafu, na kuupeleka mbali. Hawakufukiza uvumba juu ya takataka ili harufu ipotee. Nyumbani kwetu sisi mara nyingi tunafanya kinyume: tunamwaga javel juu ya sakafu yenye tope, tunasikia harufu kali, na tunaridhika.

Javel haifanyi kazi hivyo. Klorini iliyomo hushambulia kila inachokutana nacho: tope, mafuta, mabaki ya chakula. Ikikutana na uchafu mwingi, nguvu yake inaishia hapo hapo kabla ya kufika kwenye vijidudu. Kwa hiyo anayemwaga javel juu ya uchafu anamwaga pesa. Utaratibu wa kweli ni huu: fagia, osha kwa sabuni, suuza, halafu, mahali panapohitaji tu, pitisha javel iliyopimwa na uiache dakika 10 kabla ya kupangusa.

Kila kitu na kazi yake

Sabuni hushika mafuta upande mmoja na maji upande mwingine, ndiyo maana uchafu unaondoka pamoja na maji ya kusuuzia. Majivu yana chumvi za jamii ya magadi, ambazo huvunja mafuta yaliyoganda. Ndimu na siki ni vitu vikali vya kuchacha. Huyeyusha ukoko mweupe wa maji, kutu na harufu ya samaki. Jua hukausha, na vijidudu vingi havipendi mahali pakavu. Javel huua vijidudu, lakini haiondoi mafuta wala tope.

Mambo haya si mapya. Nabii Yeremia (2:22) anataja magadi na sabuni, na Malaki (3:2) anataja sabuni ya wafuaji. Katika nchi zile, kitu cha kuoshea kilipatikana kwa kuchoma mimea na kutumia majivu yake. Basi bibi zetu walioosha vyombo kwa majivu hawakuwa washamba. Walikuwa na elimu ya kale, na sisi tusiidharau.

Maji ya majivu

Chukua majivu meupe ya kuni au makala, uyachunge ili mkaa na mawe vibaki. Yasiwe majivu ya mbao zilizopakwa rangi, wala ya moto uliowashwa kwa plastiki au kipande cha tairi, kwa sababu sumu yake inabaki ndani. Weka kikombe kimoja cha majivu katika vikombe vitano vya maji ya moto, koroga, funika, acha hadi kesho yake. Majivu yatatua chini. Chuja maji ya juu kwa kitambaa kizito. Ukiyagusa yanateleza kidogo kama sabuni. Hiyo ndiyo alama kwamba yamekubali.

Maji haya yanafaa kwa meza ya jikoni yenye mafuta, kwa ukuta wa sima wenye masizi, kwa vitambaa vya jikoni vinavyolowekwa kabla ya kufuliwa. Lakini yana ukali. Yasiingie machoni, na mwenye kidonda mkononi avae glovu au mfuko wa plastiki. Tena, msiloweke ndani yake sufuria za aluminiamu, maana maji ya majivu hula aluminiamu na kuiacha nyeusi. Sufuria iliyokwisha kuwa nyeusi ndani ichemshiwe maji yenye maganda ya ndimu, itarudi kung'aa.

Majivu makavu nayo yana kazi. Yakinyunyizwa ndani ya choo cha shimo kila baada ya kukitumia, hupunguza harufu na nzi. Na pale sabuni inapokosekana kabisa, majivu safi pamoja na maji husaidia kusugua mikono, ingawa sabuni ni bora.

Sabuni ya maji kutoka mabaki

Vile vipande vidogo vya sabuni vinavyobaki na kuteleza mkononi, msivitupe. Kusanyeni katika kopo. Vikifika kama gramu 100, au ukikata kipande kipya cha uzito huo, vitie katika lita mbili za maji ya moto juu ya moto mdogo, ukoroge mpaka viyeyuke. Acha vipoe usiku mzima. Asubuhi utakuta kitu kizito kama uji mwepesi. Kikiwa kizito sana, ongeza maji ya moto. Tikisa kabla ya kutumia. Hii inatosha kwa sakafu, vyombo, na kufulia nguo za kawaida.

Wengi watauliza juu ya kutengeneza sabuni yenyewe kwa mawese na soda ya kuunguza. Ni kazi nzuri, na vikundi vya akina mama vimepata kipato kwayo. Lakini soda ile huunguza ngozi na macho, na inahitaji mizani, glovu, na mtu aliyefundishwa anayesimama karibu. Ijifunzeni kwa mwalimu, si kwa kusoma makala. Nasi tumeiacha kwa makusudi.

Ndimu na siki

Nusu ya ndimu iliyokwisha kukamuliwa bado ina kazi. Ichovye katika chumvi, usugue ubao wa kukatia nyama na samaki, kisha suuza. Birika lenye ukoko mweupe lijaze maji, tia maji ya ndimu mbili, chemsha, acha saa moja, mwaga na kusuuza. Doa la kutu kwenye shati jeupe la shule hutolewa kwa ndimu na chumvi: paka, weka juani, suuza vizuri.

Siki ya kusafishia, ile tunayoiita vinegre, mnaweza kuitengeneza kwa maganda ya nanasi. Weka maganda ya nanasi moja katika lita moja ya maji na robo kikombe cha sukari, funika kwa kitambaa, koroga kila siku kwa wiki moja. Chuja, kisha acha tena wiki tatu au zaidi mpaka ichache kabisa. Msifunge chupa kwa nguvu wakati bado inatoa mapovu, itapasuka. Na kwa kuwa katikati ya safari hiyo inapitia kwenye pombe, basi msiionje! Ikikomaa, changanya sehemu moja ya siki na sehemu tatu za maji, na upanguse vioo vya madirisha kwa gazeti la zamani.

Ndimu na siki visimwagwe kwenye sakafu ya sima, maana hula sima polepole.

Javel kwa hesabu

Ndugu zetu wa Beni, Butembo na Mangina wanazikumbuka ndoo za klorini zilizowekwa mlangoni mwa kanisa wakati wa Ebola, tangu mlipuko ulipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 hadi ulipomalizika tarehe 25 Juni 2020. Tulijifunza wakati ule kwamba maji ya klorini hupimwa: ya mikono ni asilimia 0.05, ya vitu vilivyochafuliwa ni asilimia 0.5. Elimu hiyo tusiipoteze.

Soma kwanza nguvu iliyoandikwa kwenye chupa. Nyingine ni asilimia 5, nyingine ni 2.6. Ile iliyoandikwa digrii 12 iko chini kidogo ya asilimia 4. Kisha gawanya nguvu ya chupa kwa nguvu unayoitaka, uondoe moja: jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya javel. Mfano: una chupa ya asilimia 5 na unataka asilimia 0.5. Tano kwa 0.5 ni 10, toa moja, inabaki 9. Basi kikombe kimoja cha javel kwa vikombe 9 vya maji. Huo ni mchanganyiko wa mahali mgonjwa alipotapika, baada ya kwanza kuondoa matapishi. Na kama kuna mgonjwa wa kipindupindu nyumbani, fuateni vipimo mtakavyopewa na wahudumu wa afya.

Kwa meza na sakafu ya kila siku iliyokwisha kuoshwa, asilimia 0.1 inatosha. Kwa chupa ile ile ya asilimia 5, ni kijiko kikubwa kimoja na kijiko kidogo kimoja katika lita moja ya maji. Mnaona kwamba chupa moja inaweza kwenda mbali. Tumieni maji baridi, mchanganye ya siku ile tu, na chupa ikae gizani, kwa maana jua na siku nyingi huipunguzia nguvu.

Mambo mawili yanayoweza kuua

Hapa tunaomba kila msomaji asimame na kusoma polepole, kisha awasomee walio nyumbani.

La kwanza: javel haichanganywi na kitu chochote isipokuwa maji. Mtu anafikiri, ndimu ni nzuri, javel ni nzuri, nikiziweka pamoja zitakuwa nzuri mara mbili. Sivyo. Javel ikikutana na ndimu, siki, au dawa kali ya kusafishia choo, inatoa gesi ya klorini inayounguza macho, koo na mapafu. Ikikutana na mkojo au amonia inatoa mvuke mwingine wenye sumu. Kwa hiyo msiimwage ndani ya shimo la choo. Bafu zetu ni ndogo na mara nyingi hazina dirisha. Anayesafisha ndani yake akianza kukohoa, macho yakimwasha, kifua kikimbana, aache kila kitu, atoke nje kwenye hewa. Kama pumzi hairudi vizuri, apelekwe kituo cha afya.

Majivu na ndimu, au bikarbonati na siki, havina hatari hiyo vikichanganywa. Vinatoa povu linalopendeza, lakini kimoja kinaua nguvu ya kingine, na wewe unabaki na maji ya chumvi. Tumia kimoja, suuza, ndipo utumie kingine.

La pili: javel, soda ya kuunguza, maji ya majivu na mafuta ya taa visiwekwe kamwe katika chupa ya sukre au ya maji ya kunywa. Sokoni mara nyingi javel hupimwa katika chupa hizo hizo. Mtoto anayetoka kucheza akiwa na kiu hasomi, anaona chupa anayoijua. Nunua kwa chupa yenye maandishi, au ukifika nyumbani hamishia kwenye kopo ambalo hakuna anayeweza kulifikiria kuwa la kinywaji, andika juu yake, na uliweke juu mahali mtoto hafiki. Mtoto akinywa, msimtapishe: kile kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda, na mafuta ya taa yataingia mapafuni. Suuzeni kinywa chake kwa maji, mkimbilie kituo cha afya, na mchukue ile chupa ili mwuguzi aione. Kikiingia jichoni, mwagieni jicho maji safi kwa dakika 15 au 20 bila kuacha, kisha mwende.

Siku ya kazi

Panga siku moja, kama salongo ya nyumbani, na kila mtu awe na sehemu yake. Baba asikae uani akingoja chakula: dari, godoro na choo vinahitaji mikono yenye nguvu.

Alfajiri, toeni magodoro na mito juani, myageuze saa sita. Fremu ya kitanda yenye kunguni imwagiwe maji yanayochemka kwenye nyufa zote, nje ya nyumba. Vyandarua vya mbu vioshwe taratibu kwa sabuni ya kipande na maji baridi, bila javel, kisha vianikwe kivulini. Jua na javel huharibu dawa iliyomo. Na visioshwe mara kwa mara.

Ndani, anzeni juu mkishuka: dari, kuta, madirisha, halafu samani, mwisho sakafu. Kabla ya kufagia nyunyizeni maji kidogo, vumbi lisiingie kifuani mwa watoto na wazee. Rido zifuliwe mapema ili zikauke.

Kisha njoo kwenye kitu tunachokisahau: bidoni za maji. Kipindupindu hurudi mara kwa mara katika miji na vijiji vya kando ya Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika, na hakipiti kwenye vumbi la saloni. Kinapita kwenye maji, chakula na mikono iliyoguswa na kinyesi. Nyumba inaweza kung'aa na bado ikaugua kwa sababu bidoni ina utelezi wa kijani ndani. Tia humo konzi ya changarawe safi, maji ya sabuni, funga, tikisa kwa nguvu mpaka utelezi utoke. Suuza mara kadhaa. Kisha ijaze maji yenye javel ya asilimia 0.1, isiyo na manukato, acha nusu saa, mwaga, suuza. Kikombe cha kuchotea nacho kioshwe na kipate mahali pake. Na karibu na choo wekeni kopo la maji lenye tundu, pamoja na sabuni. Kama saa zenu ni chache, fanyeni haya mawili kabla ya vioo vya madirisha.

Nyumba ya jirani

Usafi wetu hauishii kwenye uzio. Familia nyingi za mashariki zimepokea ndugu waliokimbia vita, na leo kaya mbili au tatu zinatumia choo kimoja na bidoni zile zile. Mgonjwa mmoja ni mgonjwa wa wote. Basi tunashauri kila kikundi cha akina mama, pamoja na vijana wa kwaya, wachague kabla ya mvua nyumba mbili au tatu za wajane, wazee au wakimbizi. Waende na kopo la sabuni ya maji, majivu yaliyochungwa na ufagio. Haihitaji bajeti ya kanisa, inahitaji Jumamosi moja.

Tena tukumbuke lile Bwana Yesu alilowaambia Mafarisayo katika Mathayo 23 juu ya kikombe kilichooshwa nje huku ndani kimejaa unyang'anyi. Sakafu safi haimwokoi mtu, na anayeishi katika nyumba ya udongo yenye vumbi si mdogo mbele za Mungu. Lakini anayesafisha bidoni anayoshiriki na mgeni wake amempenda jirani kwa tendo linaloonekana.

Hezekia alianza kwa kufungua milango. Nasi tuifungue, tutoe nje kilichokaa ndani muda mrefu, tukipeleke mbali, kisha tumwimbie Bwana.

Mungu awabariki, awalinde watoto wenu, na azijalie nyumba zenu amani.